Kinanda kipya cha Kidole hakina vitufe

Saa tatu asubuhi, Kidole yuko kazini. Ameketi kwenye stuli chumbani kwake, mgongo wima, shati limepigwa pasi. Mapajani ana kipande cha plastiki nyeusi kilichojaa vitufe. Anabonyeza, anasogeza mkono, anabonyeza tena. Hakuna sauti inayotoka, maana kipande hicho hakijaunganishwa na kitu chochote.

"Lete mkono," anamwambia mwandishi, na kuuweka juu ya tone la nta lililoganda. "Tone moja, unawasha. Matone mawili, sauti ya piano. Mstari, ngoma. Hiki cha kuzungusha hapa kushoto ni cha kupandisha na kushusha sauti. Ukikijua hiki peke yake, umeshaokoa masikio ya watu."

Kidole si jina lake. Alibandikwa jina hilo na wenzake wa bendi miaka ishirini iliyopita, alipoanza kupiga kinanda kwa kidole kimoja kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango. Vidole vingine tisa vilifuata baadaye, lakini jina lilikuwa limeshakolea.

Miaka minane iliyopita, presha ya macho ilianza kumwibia kuona. Leo anatofautisha dirisha na ukuta, basi. Aliyejua ni mkewe tu, mshonaji anayefanyia kazi barazani. Ndiye aliyewasha mshumaa na kudondosha nta juu ya vitufe, kimoja baada ya kingine, mpaka kinanda kikasomeka kwa vidole.

Nyuma hapakuhitaji nta. Palikuwa na matundu manne kwa mpangilio: la umeme, la pedali, na mawili ya waya za spika. Kidole aliyajua kama mifuko ya suruali yake.

Bendini alisema bado anaona "kidogo kidogo". Alikataza mtu yeyote kugusa kinanda chake, na wenzake wakadhani ni maringo ya msanii.

"Niliogopa wataniweka pembeni," anasema. "Ningefungua mdomo wakati ule, haya yasingenifika."

Alipotimiza miaka ishirini bendini, wenzake walichanga wakamnunulia kinanda kipya. Kile cha zamani walikipeleka dukani kimyakimya ili wapunguziwe bei. Kidole alilia kwa furaha mbele ya watu. Kisha akapitisha mkono upande wa mbele, ukateleza kama uko juu ya sahani.

"Nikauliza, vitufe viko wapi? Mmoja akanijibu kwa fahari kabisa, 'Siku hizi hakuna vitufe, mzee, ni kioo kitupu.' Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga."

Siri akarudi nayo nyumbani. Mkewe alijaribu kubandika vipande vya tepe kwenye kioo, lakini kioo hakina subira: kidole kinachotafuta tu, kioo kinakihesabu kimebonyeza. Tena kila ukurasa ukibadilika, kilichokuwa hapa kimehamia kule.

Wiki mbili baadaye alifariki mama wa kiongozi wa bendi. Jeneza likiwa limeshawekwa mbele ya waombolezaji, Kidole alitafuta sauti ya taratibu ya kuombolezea. Mkono wake ukagusa pasipotakiwa. Ngoma za kuchezea harusi zikalipuka kwenye spika zote mbili.

Alipapasa kioo kuzizima, zikaongeza kasi. Mwishowe alipeleka mkono nyuma, kwenye tundu la kwanza, akang'oa waya wa umeme. Matundu ya nyuma yalikuwa kwa mpangilio ule ule wa zamani; huko peke yake ndiko alikokuwa bado anakujua.

"Kimya kilichofuata ndicho kinachoniamsha usingizini," anasema. "Nilisikia mtu mmoja anacheka. Kiongozi yuko pale pale kwenye jeneza. Ni mama yake yule."

Baada ya maziko, kiongozi alimshika bega. "Mzee wangu, pumzika kidogo," alimwambia. Miezi mitatu imepita. Zamani alipata shughuli nne kwa mwezi. Sasa hana hata moja, na nyumba inakula kwa cherehani ya mkewe. Kinanda kipya kimefunikwa kwa shuka pembeni, kama mgeni aliyekataa kuondoka.

Mkewe ndiye aliyekimbilia dukani kukirudisha cha zamani. Fundi alikuwa ameshakifungua na kutoa vipuri. Mke alichookoa ni kile kipande cha mbele chenye vitufe, nta ikiwa bado juu yake.

"Nilitaka kukificha," anasema mama huyo bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Nilijua akikipata hata kula hatakumbuka. Lakini ningemnyima vipi?"

Mpango wa Kidole ni mmoja. Fundi ameahidi kumtafutia kinanda cha aina ile ile, ingawa hakitengenezwi tena. Kikipatikana, kipande hiki kitafungwa juu yake, naye atakwenda kwa kiongozi kumweleza ukweli wote, kuanzia mshumaa mpaka msiba. Ndiyo maana anafanya mazoezi kila asubuhi, vidole visije vikasahau.

Na kisipopatikana?

Anasugua tone la kuwashia kwa kidole gumba. Nta yake imeanza kulika.

"Mke wangu," anaita kuelekea barazani, "ule mshumaa bado upo?"

Cherehani inasimama. "Upo," anajibu mkewe, na kuinuka kwenda kuutafuta.