Macho Yaliyosifiwa Lizaboni

Harufu ya maziwa ya mama yaliyochachia kwenye khanga hunirudisha mtaani kwetu Lizaboni, nikiwa na miaka minane, mdogo wangu Deo mgongoni. Macho yake yalitoka machozi hata asipolia, basi mama akawa anayakamulia maziwa kila asubuhi. Ndiyo dawa tuliyoijua.

Na macho yenyewe sasa! Makubwa, meusi, mtaa mzima ulikuja kuyatazama. Bibi alimwita Deo mume wake, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu.

"Mtabaki kumeza mate," aliwaambia wanawake bombani. "Mume wangu ana macho, wa kwenu wana matundu."

"Mbona anajificha?"

"Anawaonea haya wakwe zake!"

Kweli alijificha. Jua likimpiga tu, anasugua uso mgongoni kwangu. Mimi nilijivunia, nisiwadanganye. Nikamfungua, nikamshika kidevu, nikamgeuzia juani wamwone vizuri. Akapiga kelele. Tukacheka wote.

Alipoanza kutembea, akawa anaivaa milango. Daktari akasema ni presha ya macho, kazaliwa nayo. Jicho la mtoto mchanga bado laini, presha inalitanua kama puto. Ule ukubwa tuliousifia ndio ulikuwa ugonjwa. Tumechelewa. Akaongeza kwamba huenda iko kwenye damu yetu, wengine wakizaliwa wapelekwe mapema. Nani alikumbuka? Hakuna.

Sasa mwanangu Neema ana wiki tano. Juzi nilifungua dirisha hapa Bombambili, akafumba macho na kugeukia ukutani. Nikasema nampeleka hospitali ya macho. Mama mkwe akafurahi tu.

"Mama Neema, umezaa malkia! Aibu tu hiyo. Subiri abatizwe kwanza, ndipo umsafirishe."

Nilimjibu vibaya. Sijamwomba radhi, na leo sina nafasi hiyo. Begi nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Basi linaondoka kesho.

Nina hasira na maziwa yale, na sifa zile, na vicheko. Lakini zaidi nina hasira na mimi. Mtoto hakuwa na maneno, alituambia kwa uso wake, nami nikamgeuza.

Jana nilimpigia Deo. Ni mtu mzima sasa, anatembea kwa fimbo nyeupe, anajua kila kona ya Lizaboni. Nilimweleza habari za dirisha na za ubatizo.

"Mwanga unauma, dada," akasema. "Hata nilipoanza kuongea, nakumbuka, ulikuwa bado unauma. Usimsubiri padri."