Udongo Nilioula Sugar Land

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Texas, wala sikuwa na homa. Mume wangu hadi leo ananiambia lilikuwa jua tu. Jua gani linaacha nyayo za matope?

Nilikuwa mjamzito. Mimba za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii nililala nikiiombea na kuamka nikiiombea. Consolata, jirani yangu Mrundi hapa Missouri City, ndiye aliyenitafutia kazi nyepesi. Nje kidogo ya Sugar Land barabara ilikuwa ikipanuliwa, na tingatinga likafukua mifupa. Kumbe palikuwa na makaburi ya wafungwa weusi waliolazimishwa kukata miwa zamani hizo, wakazikwa bila hata jina. Wataalamu wa mambo ya kale wakaja kuwatoa taratibu, kwa brashi na vijiko. Sisi tulikaa hemani na chekeche, tukiumwagia maji udongo waliotoka nao na kuokota kilichobaki: kifungo, jino, kipande cha mnyororo.

Sasa akina mama mliowahi kubeba mimba, mnajua harufu ya udongo uliolowa inavyoweza kumtesa mtu. Ule wa kutafuna niliokuwa nikinunua kwenye duka la Waafrika ulikuwa umeniishia. Nikatazama huku na huku, nikaweka chembe moja ulimini. Niaminini, sijawahi kuonja kitu kitamu vile. Kesho yake nikarudia, na siku zilizofuata sikuweza kujizuia. Akili ilijua umetoka kaburini, lakini mate yalikuwa yananidondoka.

Siku moja wakati wa chakula wenzangu walikimbilia magari yao wakapate hewa baridi. Mimi nikabaki, mnajua kwa nini. Nilipoinua macho, ng'ambo ya chekeche alikuwa amesimama kijana mwembamba, peku, nguo zimeganda matope. Nikadhani ni mchimbaji mwenzetu. Nikamsalimu kwa Kiingereza. Alikuwa akiupapasa udongo kwa vidole, kama mtu anayechagua mchele.

"Umepoteza kitu?" nikamuuliza.

"Napungua," akasema. "Kila siku napungua."

Mpira wa maji ulikuwa mkononi mwangu, bado unatiririka. Maji yakamwangukia kiganjani, na kiganja kikayeyuka. Ndiyo, kikayeyuka, kikapita kwenye matundu ya chekeche kikaenda zake, na yeye akakitazama bila kushangaa. Kisha akaniangalia mdomo. Kisha akaniangalia tumbo.

"Huyo umemjenga kwa mwili wangu," akasema. "Ni wangu."

Mtoto akatulia. Asubuhi nzima alikuwa akicheza tumboni, sasa kimya, tumbo zito kama mfuko wa saruji. Hofu niliyoipata siku hiyo simwombei hata adui. Nilipiga magoti kwenye matope nikamlilia kwa Kiswahili, maana Kiingereza chote kilikuwa kimenikimbia.

"Kaka yangu, nisamehe, ilikuwa hamu tu! Mwache azaliwe. Nakuomba, mwache tu azaliwe!"

Sijui alielewaje. Aliitikia kwa kichwa.

"Weh, dada, una nini? Unalia na nani?" Alikuwa Consolata, ameingia hemani na chakula chake mkononi. Nikageuka kumwonyesha, kijana hayupo. Pale aliposimama palikuwa na nyayo mbili zimejaa maji, na Consolata aliziona, kamuulizeni. Nilipomweleza nilichokuwa nikila, alikishika kifua.

"Ulikula udongo wa watu? Mungu wangu! Ingia kwa gari, twende hospital sasa hivi, na hapa hutarudi tena."

Mtoto alianza kucheza tena tukiwa njiani, nikalia mpaka mlangoni mwa hospitali.

Alizaliwa mzima, mvulana. Wale wafu walipozikwa upya nilikwenda naye. Masanduku madogo yalikuwa yamepangwa vizuri, na mchungaji akasema leo wote wanapumzika wakiwa kamili. Maskini, alikuwa hajui. Sehemu ya mmoja wao nilikuwa nimeibeba mgongoni, imelala usingizi, inanidondoshea mate begani.

Tangu hapo barabara ile siipiti, hata kama kuzunguka kunanichelewesha kazini. Na wewe unayebeba mimba ugenini, hamu ikikushika, nunua dukani au omba utumiwe kutoka nyumbani. Usitie mdomoni udongo ambao hujui nani amelala ndani yake. Na kama umeshakula, na mwenyewe amesimama mbele yako, usiombe kwa pupa kama nilivyoomba mimi. Niliomba azaliwe, na kweli alizaliwa, tukamzika kabla hajajua kutembea. Sikuomba akue.