Gogo la Mlangoni

Juzi nilimwona jirani akichimbua kizingiti ili baba yake mzee asijikwae. Nikamkumbuka bibi yangu.

Nyumba yetu ya tembe, ya paa bapa la udongo, kule kijijini Ulemo ilikuwa na gogo mlangoni, la kuzuia ndama waliolala ndani. Bibi, macho yamekwisha, alilipapasa kwa mguu kila akitoka. Mama alimsihi baba mdogo Mkumbo, "Shemeji, litoe. Mama yako ataanguka."

"Na ndama wakiingia shamba la jumbe wa Mwingereza, utakwenda kujibu wewe?" Mkumbo akacheka. "Ainue miguu, yeye si bibi arusi."

Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto mdogo, mama alikuwa akitwanga uwele nje. Ndani, penye harufu ya mkojo wa ndama, nikasikia kama ukuni mkavu unavunjika. Bibi alikuwa chini, kando ya gogo. Nilidhani kachoka, nikakaa naye.

Mkumbo akaja, akaling'oa gogo kwa shoka. Nilifurahi. "Bibi, baba mdogo kakubali!" Kumbe yeye na majirani walikuwa wanapanua njia wamtoe kwenye ngozi ya ng'ombe, apelekwe hospitali.

Hakurudi. Ni Mkumbo aliyemuua, nasema hadi leo. Ndama walilala bila gogo, na hakutoka hata mmoja.