Hoti ya Sentimita Sitini

Nimewadharau watu wengi katika kazi yangu ya bati, lakini hakuna niliyemdharau kwa raha kama mkubwa mmoja wa serikali aliyekaa Mutanga Nord, mtaa wa matajiri, ambaye dada yangu alikuwa mpishi wake. Jikoni kwake lilisimama jiko la gesi kutoka Ulaya, jeupe, la mioto minne, limefunikwa kitambaa cha kudarizi na juu yake maua ya plastiki. Gesi ilikuwa imekwisha tangu nchi jirani zilipotufungia mipaka kwa sababu ya vita. Jiko lile halikuchemsha hata chai, na bado lilifutwa vumbi kila asubuhi.

Chakula chenyewe kilipikwa sakafuni, kwenye kona ya pili, juu ya imbabura, jiko letu la makaa. Zamani dada alipikia uani, penye hewa. Vita vilipozidi, na risasi zikaanza kuangukia uani zikitokea upande wa Kamenge, bwana akaamuru upishi uhamie ndani, kisha akaziba dirisha la jikoni kwa matofali. Malori ya makaa nayo yakawa hayateremki kutoka milimani ila kwa bahati, kwa hiyo imbabura ililishwa chenga za makaa na vipande vya mbao mbichi. Moshi haukuwa na pa kutokea. Ulimwingia dada.

Dada ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma Kurani, kwa sauti iliyowafanya majirani wetu wa Bwiza wapunguze redio wamsikilize. Mwaka mmoja mle jikoni ukatosha. Kila Ijumaa alipokuja kwangu macho yake yalikuwa mekundu, na Yasini hakuimaliza bila kusimama akohoe. Kuacha kazi hakuweza; alikuwa mjane mwenye watoto.

"Mudogo wangu," aliniambia, "we ni fundi wa bati. Nifanyie kitu, moshi itoke."

Nilichofikiria ni hoti, ile kofia ya bati inayokaa juu ya moto na kuupeleka moshi nje kwa bomba. Dada akamshawishi madamu, naye akamshawishi mumewe, nami nikaitwa.

Bwana alinipokea na katalogi mkononi, karatasi zake zinang'aa, picha za majiko ambayo hayajawahi kuunguza kitunguu. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: usipime ukuta, usipime jiko, pima sufuria kubwa kuliko zote za nyumba, halafu ongeza shibiri moja kila upande, maana moshi ukigonga tako la sufuria hutawanyika pembeni. Sufuria ya maharage ya nyumba ile, iliyowalisha pia jamaa wa madamu waliokimbia vijiji vyao, ilikuwa na upana wa sentimita hamsini.

"Patroni, inaomba tisini," nikasema. "Na ikae kwa moto, kule kwa kona."

"Apana. Jiko iko sitini, hoti iko sitini. Ona hapa, wameandika."

"Lakini patroni, hii jiko haipiki."

"Vita itaisha, gazi itarudi. Imbabura iko ya vita tu. Mi siwezi kujenga nyumba yangu juu ya vita."

Maneno ya kusemea redioni. Na yale matofali ya dirishani aliyajenga kwa ajili ya nini, harusi? Kichwa chake kilistahili kujengewa ukuta. Kifua cha dada yangu kingojee gesi.

Hilo ningemwambia, au ningemwambia nusu yake kwa adabu, au ningekwenda kumtafuta madamu. Badala yake nilisema, "Ndiyo, patroni," kwa ile heshima ya uongo ambayo mafundi tunaijua sana. Nikaikata hoti yake sitini kamili, bila unene wa ukucha wa ziada. Niliisugua mpaka akaweza kujitazama ndani yake, nikaining'iniza juu ya maua ya plastiki, bomba lake likitokea paani. Nilitaka aione kila siku, pamoja na aibu yake. Hakuona aibu yoyote. Wageni waliletwa jikoni kuitazama, na majirani zake wawili wakaagiza za kwao, sitini na sitini, juu ya majiko yao yaliyokufa vilevile.

Bwiza tulicheka. Mafundi wenzangu walinitaka nirudie, "Hebu tuambie tena ile ya maua," nami nikaongeza chumvi kila mara. Miezi mitatu nilishiba hadithi ile.

Halafu Ijumaa mbili zikapita dada hajaja. Jumapili nikapanda Mutanga, bwana na madamu wakiwa kanisani. Nilimkuta amekiondoa kitambaa, ameipandisha imbabura juu ya jiko la gesi, chini ya hoti yangu, naye amesimama juu ya kigoda akikoroga maharage. Katika nyumba ile yenye shahada za chuo ukutani, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ametumia akili. Moshi ulipiga tako la sufuria, ukatambaa, ukatokea pande zote mbili nje ya bati langu linalong'aa, ukampiga usoni. Alishuka akikohoa, ameshika ukuta.

Alipoweza kusema akaniuliza, "Ni we ulipima?"

"Ni ye alisema sitini, dada."

"Ye hajui sufuria yangu," akasema. "We unaijua."

Nikapanda kigoda mwenyewe, nikapima kwa shibiri kutoka ukingo wa sufuria hadi ukingo wa bati.

Jumapili iliyofuata nilirudi na vipande viwili vya bati nilivyokata kwenye madebe ya mafuta ya kula, nikavipigilia ribiti pembeni mwa hoti, shibiri huku, shibiri huku, maandishi ya mafuta yakiwa bado yanasomeka. Kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Bwana aliporudi kutoka kanisani akaiita takataka, akaniambia niibandue. Madamu akavuta hewa, akagundua haihitaji kuziba pua, akamwambia aiache. Maua yakahamia sebuleni. Moshi ukapanda.

Ijumaa ile dada alikuja Bwiza macho yake yakiwa meupe. Tuliketi, akaanza Yasini. Katikati akasimama, akakohoa, akangoja, akakohoa tena, kisha akanionyesha kwa mkono niendelee. Nikaisoma mpaka mwisho kwa sauti yangu mbaya, na tangu siku ile mimi ndiye ninayemmalizia.