Boti ya Bwana Nassor Isiyo na Bei

Safari nzima imenigharimu shilingi milioni moja na laki tisa: tiketi ya kwenda na kurudi, viza, karafuu na maembe boribo ya kuwapelekea wenyeji, na malipo ya mzigo kuzidi uzito kwa sababu ya hayo hayo maembe. Nimejumlisha mara mbili. Kwa fedha hizo nimerudi Unguja na halwa, kanzu moja ya kupewa, na boti sina. Wanaonisimamisha Darajani kuniuliza, "Masoud, umeipata?" wasome hapa, nijibu mara moja nipumzike.

Kilichonitoa nyumbani ni mdogo wangu Haroub. Mimi na yeye tulikuwa na boti ya jeti kuukuu ya kuwatembeza wageni upande wa Michamvi. Yeye nahodha, mimi mtafuta wateja na mgomvi wa bei. Kwa asiyeijua, boti ya jeti haina rafadha inayozunguka nje. Inavuta maji chini ya tumbo, pampu inayafyatua nyuma kwa mdomo mmoja, na mdomo huo ukielekezwa kushoto au kulia ndiyo boti inavyogeuka. Usukani wake ni hayo maji yanayotoka. Ukipunguza gesi, maji hayatoki, na unabaki unazungusha gurudumu kama mtoto aliyepanda gari lililoegeshwa.

Haroub alikulia kwenye boti za mashine ya nyuma, ambazo ukikaribia gati unapunguza gesi, unakata kona, unateleza taratibu mpaka unagusa. Mwaka jana alifanya hivyo hivyo kwenye gati la mawe. Boti ikaenda moja kwa moja. Akatoa mkono kuikinga isigonge, akavunjika vidole viwili. Vidole vimepona. Yeye ndiye hakupona: akahamia duka la shemeji yake, akawa anapima sukari. Boti tukaiuza. Kila nikimwambia arudi baharini, jibu lake lilikuwa moja.

"Nitafutie boti inayogeuka mkono wangu ukiwa umetoka kwenye gesi. Hakuna, niache na mizani yangu."

Basi Thuwaiba, binti wa ami yangu anayeishi Maskati, akanipigia simu kwamba shemeji yake anauza boti ya jeti ya kisasa, na kwamba hizi mpya zimerekebishwa tabia. Neno hilo, tabia, ndilo lililonipandisha ndege.

Alfajiri nikatua Maskati. Thuwaiba alikuwa ananingoja nje na gari lake, amevaa abaya, ameshika ufunguo tayari kama mtu anayekwenda kuzima moto.

"Kaka Masoud! Mbona umekonda? Zenji hamli siku hizi?"

"Tunakula, dada. Tunatembea pia."

Nilisema kwa mzaha, lakini Qurum, mtaa anaokaa, nilikuta ni kweli. Mchana alinipeleka kwa gari kununua mtindi, na duka lilikuwa linaonekana kutoka dirishani kwake. Nikamuuliza kwa nini tusiende kwa miguu. Akaniangalia kama nimemwambia twende kwa kutambaa.

Jioni ile, kwenye kahawa, nilimweleza mipango yangu. Nitaanza kwa kuikosoa rangi. Nitauliza bei nikitazama pembeni. Akitaja, nitacheka kidogo, nitataja nusu, kisha nitaondoka ili niitwe.

Thuwaiba akaweka kikombe chini. "Nna neno nataka kukwambia. Nassor ni kaka yake mume wangu. Wewe mgeni wangu. Usimuulize bei kabla ya kahawa."

"Na baada ya kahawa?"

"Baada ya kahawa pia, subiri kwanza."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Inshallah," akasema, akanimiminia tena. Sikuelewa, lakini kahawa ilikuwa nzuri.

Jumamosi asubuhi Bwana Nassor alifika. Ni mhandisi aliyestaafu, mwenye ndevu nyeupe fupi, mzaliwa wa Malindi ya Unguja aliyeondoka akiwa mdogo, na Kiswahili chake ni cha bibi yangu kabisa. Gari lake lilikuwa linavuta boti juu ya tela. Nikaizunguka. Nilihesabu viti nikapata kumi. Nikahesabu tena nikapata kumi na viwili, kwa sababu vile vya nyuma vinakunjuka na kumtazamisha mtu baharini. Nikasema rangi ya buluu kama hii inapauka haraka na jua.

"Kweli kabisa," akasema Bwana Nassor. "Hata miye siipendi."

Hapo mbinu yangu ya kwanza ikafa. Muuzaji anatakiwa aitetee rangi yake.

Njia ya kwenda Qantab, kuijaribu boti majini, inapanda na kushuka katikati ya majabali makavu ya rangi ya mkate ulioungua. Kila kona tela lilikuwa linanguruma nyuma yetu, na kila kona mimi nilikuwa natafuta upenyo wa kuzungumza bei. Nikauliza mafuta inakula kiasi gani. Akajibu. Nikauliza ameitumia miaka mingapi. Akajibu, akaongeza na kasoro mbili ambazo nisingeziona mwenyewe: mto mmoja umechanika mshono, na skrini ya usukani inachelewa kuwaka ikiwa na joto. Mtu anayejitajia kasoro unamfanya nini?

Qantab ni kijiji kidogo ndani ya hori, milima imekikumbatia pande tatu, maji yake yametulia kama ya birika. Tulilirudisha tela mpaka mchangani. Kabla hatujaishusha boti, Bwana Nassor aliniita nyuma ya boti.

"Inama utazame. Hili hapa pezi."

Chini ya mdomo unaotoa maji palikuwa na bamba fupi la chuma, limesimama kama pezi la papa aliyegeuzwa tumbo juu. Ukizungusha gurudumu, mdomo unageuka na pezi linageuka nao. Boti yetu ya zamani haikuwa na kitu hicho. Kisha akanionesha tumbo: limechongwa mikunjo na mkuku wake, ule uti wa chini, umekatwa mkali, ili boti inapokata kona ishike maji. Yetu ilikuwa inateleza ubavu kama sahani kwenye sakafu yenye sabuni. Juu, chini ya mto wa kukalia, alifungua kifuniko, akatia mkono mpaka kwenye pampu.

"Majani yakiziba, unayatoa hapa. Umekaa zako mkavu."

Haroub alikuwa anapiga mbizi na kisu mdomoni kwa kazi hiyo.

Tulipoingia majini akanipa usukani. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja nililofundishwa na ile ajali yetu: kwenye jeti ukiogopa, ongeza gesi, maana gesi ndiyo inayogeuza. Bwana Nassor akanionesha boya jekundu. "Lifanye gati. Lifuate, kisha ligeukie ubavu."

Nikalifuata. Lilipokaribia nikaogopa, nikaongeza gesi. Boti ikachupa. Boya likapita ubavuni, tukatokea karibu na mdomo wa hori, kofia yangu ikiwa imebaki kulee nyuma inaelea.

"Hiyo dawa ya boti za zamani, bwana weye!" Alikuwa anacheka mpaka ameshika mbavu. "Huyu haumwi ugonjwa huo. Rudi. Safari hii toa gesi, kisha geuza."

"Nitoe gesi nigeuze?"

"Toa, geuza."

Nikarudi, nikaiokota kofia, nikalifuata boya. Nikatoa gesi. Mkono wenyewe ulikuwa hautaki; niliuambia. Nikazungusha gurudumu. Boti ikageuka. Pole pole, kwa adabu, kama mtu anayekupisha mlangoni. Nikasema bahati. Nikafanya tena, ikageuka tena, upande wa pili.

Akanifundisha na rivasi. Ukiurudisha ule wenzo wa gesi nyuma huku unakwenda mbele, kikombe cha chuma kinashuka mbele ya mdomo, maji yanageuziwa kuelekea omo, mbele ya boti, nayo inafunga breki. Nilipoijaribu, birika la kahawa lilibingirika kutoka tezi, nyuma kabisa, mpaka miguuni kwangu. Pana na kijiti kidogo cha kwenda ubavu kama kaa, cha kukaribia gati. Hicho nilikigusa mara moja nikakiacha. Kila nilichokijua kuhusu boti kilikuwa kinanijia kinyume.

Ndipo nikaanza kuona wasiwasi. Mashine yenyewe niliisikia ikivuma kidogo kila nilipogeuza bila gesi, ingawa mkono wangu haukuigusa. Nikamuuliza.

"Ndiyo," akasema, "ina akili yake. Ikihisi umetoa gesi na unageuza, inaongeza yenyewe kidogo, maji yatoke."

"Basi anayegeuza ni pezi au ni hiyo akili?"

"Wote wawili."

"Nani zaidi?"

Akafikiri. Mtu mwingine angesema pezi, pezi, nunua. Yeye akasema, "Wallahi sijui. Hebu tuizime mashine tujue."

Tukashika mwendo wa kukaribia gati, nikazima mashine kabisa, nikageuza. Kimya. Maji yakawa yanasugua tumbo. Boti ikageuka, lakini nusu ya vile, ikachoka, kisha ikaelea tu inakotaka. Tukarudia. Nusu tena, na safari ya pili ilikuwa nusu yenye uvivu zaidi.

Adhuhuri tuliirudisha boti kwenye tela, tukakaa mchangani kwenye kivuli cha gari, kahawa, tende, na yale maembe yangu. Kahawa ikaisha. Nikatikisa kikombe, wanavyofanya huko kuonesha umetosheka, nikakohoa.

"Bwana Nassor, tuzungumze bei."

"Bei gani? Boti yako hii. Utakachoona wewe."

"Hapana, taja wewe."

"Nikutajie bei mgeni wa Thuwaiba? Nitakaa wapi na ndugu yangu? Toa unachotaka. Usipokuwa nacho, chukua, utaleta."

Sijawahi kubanwa hivyo na mfanyabiashara yeyote. Nikataja bei ya chini, ya kuanzia ugomvi. Akasema, "Taib, mabruk," yaani vyema, hongera, kama tumeshamaliza. Nikaona haya, nikaipandisha mwenyewe. Akasema mabruk. Nikaanza kuhofia: labda ya kwanza ilikuwa kubwa mno. Labda ya pili ni matusi na huyu mzee anameza. Nilitaka kuondoka ili niitwe, lakini gari lilikuwa lake na Qurum iko nyuma ya milima. Nikajikuta namwomba anipe nafasi nimpigie simu mdogo wangu.

Haroub akapokea simu ya video akiwa dukani. Nyuma yake yalionekana makopo ya maziwa. Nikamweleza yote, kisha Bwana Nassor akaichukua simu, akamwonesha pezi kwa picha.

"Inageuka gesi ikiwa imetolewa?" Haroub akauliza.

"Inageuka, mwanangu. Kaka yako kajaribu."

"Na mashine ikizima yenyewe?"

Bwana Nassor akanirudishia simu. Ningeweza kusema inageuka, na isingekuwa uongo mtupu. Ningeweza kuinunua palepale na kumaliza. Lakini aliyevunjika vidole hakuwa mimi.

"Nusu," nikasema. "Inageuka nusu, kisha inaelea."

Mteja akaita upande wa pili, akaomba robo ya chai. "Usinunue," akasema Haroub, simu ikakatika. Nikamwambia Bwana Nassor kwamba siichukui.

Usiku ule Thuwaiba alinipa halwa na kanzu. Nikamwambia nimemwaibisha kwa shemeji yake.

"Kwa lipi? Nassor kanipigia, kafurahi. Ati anakungoja ulete jibu."

"Jibu nimeshampa. Nimekataa!"

"Kataa vipi, kaka, na bei ulishataja mara mbili?"

Nikalala na swali hilo, nikapanda nalo ndege.

Unguja nilitegemea teksi. Nje ya uwanja alikuwa amesimama Haroub, ambaye siku hiyo alitakiwa dukani. Hakunisalimia vizuri.

"Lile pezi linashuka chini ya tumbo kiasi gani?"

Nikamwonesha kwa kiganja.

"Kiganja chako au changu? Maji yakipwa Michamvi boti inakaa mchangani, itakaa juu ya pezi hilo. Likipinda? Au lisimame kwenye jiwe? Na hiyo nusu uliyoiona, mlikuwa watu wawili ndani; wageni kumi wakipanda, inabaki nusu au robo?"

"Si uliniambia nisinunue?"

"Nilikwambia usinunue wewe. Wewe unajua nini boti? Nakwenda kuishika mwenyewe." Akatoa bahasha mfukoni: picha za pasipoti, bado zina harufu ya dawa. Nilizihesabu. Shemeji yake ameshamtafuta mtu mwingine wa mizani.

Nilichojifunza Maskati ni kwamba kupatana bei kunahitaji watu wawili, na mimi nilikuwa peke yangu. Kuhusu boti, nimerudi najua zaidi na naelewa kidogo.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wenye uzoefu, hasa wa pwani zetu ambako maji hupwa mbali. Aliyewahi kuilaza boti ya jeti yenye pezi kwenye mchanga na mawe, atueleze pezi lilipatwa na nini. Aliyeijaribu imejaa watu, mashine imezima, aseme iligeuka kiasi gani, na aseme kweli. Na mwenye jamaa Maskati anishauri: nikimtuma Haroub kwa Bwana Nassor, amtajie bei ipi, ile yangu ya kwanza au ya pili? Nijibuni mapema. Haroub anaondoka mwezi ujao, na hajui kupatana hata bei ya mchicha.