Mshale wa Gia Boksi kwenye Njia ya Mbamba Bay

Usiku ule sikulala kwa sababu ya mafuta ya gia boksi. Wenzangu niliomaliza nao chuo kikuu walikosa usingizi kwa mambo yanayoeleweka zaidi, uchumba au ajira. Mimi nilijilaza chali nyumbani kwa baba mdogo pale Mbinga, blanketi hadi kidevuni kwa baridi ya mwezi wa tano, nikijiuliza: kesho gari likikokota nyumba yangu ya magurudumu kupanda milima yote ile kabla ya kuteremka ziwani, mafuta yatachemka? Yakichemka, gia boksi itaungua. Ikiungua, baba mdogo hana gari la kununulia kahawa, na msimu unakaribia. Na mimi sitafika kwa mama.

Kila wazo nililoanza nalo lilikwenda kuishia hapo, kwa mama.

Mama yangu ni Mnyasa, kwao ni kijiji cha kando ya ziwa, si mbali na Mbamba Bay. Baba alikuwa Mmatengo, karani wa serikali, na miaka yote ya ndoa yao waliishi Mbinga mjini. Mama alizoea baridi, alizoea maharage, alijifunza hata kuchekesha watu kwa Kimatengo, lakini maji ya Mbinga hakuyakubali. Bomba la uani lilitiririka kama uzi, naye alisimama mbele yake na ndoo, mkono kiunoni, akisema, "Maji ya kuombaomba haya." Jioni upepo ukivuma kutoka magharibi aliacha alichokuwa akifanya, akageuza uso upande ule, akavuta pumzi, kisha akarudi kwenye sufuria zake. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasikiliza kama kuna mtu anamwita.

Baba alipofariki tulimzika kwao, Litembo. Mama alimaliza matanga, akafunga mzigo wake, akarudi ziwani. Mimi nilikuwa chuoni. Tangu hapo nilimwona kwa siku chache za likizo, na kila nilipoondoka nilikuwa nimeacha kumwambia kitu fulani ambacho nilikikumbuka basi likishapanda mlima.

Waliotutangulia chuoni walimaliza wakasubiri barua ya kupangiwa kazi. Sisi tuliambiwa soko limefunguliwa, tujitafutie. Kwangu soko lilikuwa mlango uliofungwa. Kwa baba mdogo lilikuwa neema. Alikuwa dereva wa lori la ushirika tangu ujana wake. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, akawa mnunuzi, na baada ya msimu mmoja mzuri akaenda Dar es Salaam kuchukua gari lililotumika Japani, la otomatiki. Watu walikuja uani kulitazama. "Sasa huu mguu wa kushoto unafanya kazi gani?" mmoja aliuliza. Baba mdogo akajibu, "Umestaafu."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya wapima barabara wa kigeni. Walilala humo porini, na mradi ulipokwisha wakaiuza: chumba cha bati jeupe chenye magurudumu mawili, madirisha, kitanda na meza ya kukunjwa. Baba mdogo aliinunua iwe ofisi ya kununulia kahawa. Wakulima wakagoma kuingia. Walitaka mizani iwe nje, mbele ya macho ya watu. Ikabaki uani, kuku wakitagia chini yake, mpaka siku niliyomwomba anipe niipeleke kwa mama.

Mama alikuwa na chumba kimoja tu ubavuni mwa nyumba ya kaka yake. Nilikuwa nimejishawishi kwamba siwezi kurudi kwake mikono mitupu, msomi mzima, nikalalie mkeka wake na kula usipa, dagaa wa ziwani, aliouanika yeye. Nikifika na chumba changu nikakiegesha karibu na mlango wake, hakuna atakayeniuliza nimekuja na nini. Nitafundisha watoto jioni. Asubuhi nitamsikia akitoka kwenda kunawa miguu ziwani kabla hajaongea na mtu, kama alivyofanya siku zote tulipokwenda kwao.

Kilichonitia hofu ni fundi mmoja wa Songea. Nilimuuliza kuhusu kukokota, akatikisa kichwa, akasema gari la otomatiki halilalamiki mapema: mshale wa joto la injini utakaa pale pale, huku mafuta ya gia boksi yakiungua kimyakimya. Nikamsumbua mpaka akafunga mshale wa pili, wa gia boksi, chini ya dashibodi upande wa abiria. Akaweka alama kwa rangi ya kucha. "Ukipita hapa, simama," alisema. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani. Nilikikagua chote nikitafuta picha ya kipimajoto.

Tuliondoka ukungu ukiwa bado kwenye migomba. Baba mdogo aliendesha, mimi nikainamia mshale.

"Utapata kibiongo," alisema. "Angalia nje. Nchi yako hiyo."

Nje kulikuwa na mashamba ya ngoro, vilima vizima vimechimbwa vishimo vyenye matuta kama sega la nyuki. Niliyaona kwa kuibia. Mlima wa kwanza mshale ulipanda kidogo, ukatulia. Wa pili hivyo hivyo. Nikaanza kupumua. Ndipo tulipokuta akina mama wametoka mtoni na ndoo, katikati ya mwinuko, na baba mdogo akasimama kuwasalimia.

Huku kwetu milimani hupiti mtu kama unapita jiwe. Unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa, za ng'ombe, nao wanauliza zako. Kwa mnunuzi wa kahawa lilikuwa jambo kubwa zaidi, maana wanunuzi walikuwa wengi siku hizo, na aliyekupita leo bila salamu, kesho humuuzii kahawa yako.

"Mzee, umehama na nyumba?" mmoja aliuliza.

"Ya binti yangu hii. Anaipeleka ziwani."

"Na mume yumo ndani?"

"Tumemfungia, asitoroke!"

Walicheka mpaka maji yakamwagika. Mimi nilikuwa naangalia mshale. Gari limesimama, nao unapanda kuliko tulipokuwa tukitembea. Nikageuka, nikautazama mguu wa baba mdogo. Haukuwa kwenye breki. Alikuwa amelishikilia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogokidogo, gia ikiwa ndani, lisiende mbele wala lisirudi nyuma, kama alivyozoea kulishikilia lori kwa klachi. Nyumba nzima ilikuwa inaning'inia kwenye mafuta ya gia boksi huku yeye akiulizia ng'ombe.

Nilikaa na neno hilo mdomoni kilima kizima. Unamwambiaje mtu aliyekulea kwamba salamu zake zinaunguza gari? Mwishowe nikamwambia.

"Nikanyage breki?" alishangaa. "Halafu wakati wa kuondoka lirudi nyuma na hiyo nyumba yako? Hapana."

"Basi usisimame."

"Nisisimame!" Alinitazama kama nimemwambia avue suruali.

Ndipo nikapata wazo ambalo kwa mtu mwoga kama mimi lilikuwa kama kuruka kutoka darini. Niliomba kushuka. Nikatembea mbele, yeye akaja nyuma polepole bila kusimama, nami nikawa nasalimia badala yake.

"Shikamoo mama. Baba mdogo anawasalimu sana, anaomba radhi, hawezi kusimama."

"Marahaba. Mdomo wake umekufa?"

"Mdomo mzima, mama. Gari ndilo linaumwa."

Walicheka, wakampungia naye akawapungia. Nilipopanda tena penye tambarare, mshale ulikuwa umeshuka. Nilishuka na kupanda mara nyingi siku ile. Miguu iliuma, lakini kila kilima tulichokimaliza nilihisi nimevutwa kuelekea kule, na nikaanza kuwaza mlango wa nyumba utazame wapi, ziwani au kwa mama.

Mlima wa mwisho kabla ya mteremko kuna boma la mzee mwenye kahawa nyingi kuliko wote upande ule. Nilimwamkia, nikamwomba radhi zote. Akanipita. Aliingia barabarani, fimbo mkononi.

"Mnunuzi! Unanitumia mtoto?" alimpigia kelele baba mdogo. "Jana kapita mwenzako, kakaa hapa mpaka kala!"

Baba mdogo akasimama. Sikumlaumu, na simlaumu hata leo. Nilikuwa mbele, sioni mshale, nasikia tu injini ikiguna na wao wakizungumzia msiba wa kijiji cha Kitura, kisha maharage, kisha bei. Nilirudi mbio. Mshale ulikuwa umeipita alama na kwenda mbali, na harufu ilikuwa imeanza, harufu kali ya kitu kitamu kilichoungulia chini ya sufuria.

"Baba mdogo, tafadhali."

Akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari halikwenda. Akakanyaga tena. Likajikokota kama mgonjwa hadi uani kwa yule mzee, likakata tamaa.

Tulisubiri lipoe. Tulipojaribu tena lilitembea, lakini gia ziliteleza, na mvuto haukuwepo. Baba mdogo alikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu akifuta jasho kwa kofia.

"Turudi nayo taratibu," alisema. "Mafundi waliangalie gari. Kahawa ikiisha tutaileta tena. Mama yako hakimbii."

Alisema kwa wema. Nami nilijua kurudi na nyumba nyuma kungelimaliza gari njiani, na kahawa ikiisha kungekuwa na sababu nyingine ya kusubiri. Kutoka pale uani ziwa lilionekana. Nilikuwa nimeangalia mshale siku nzima, na sasa lile pale, pana, la buluu, na chini kabisa ufukwe mweupe kama ukosi wa shati. Kwa mbali vile hakukuwa na sauti, lakini niligeuza uso upande ule kama nimeitwa.

Kwa kawaida jambo dogo mimi hulipima wiki nzima. Hili nililisema kabla sijamaliza kulifikiri.

"Tuifungue hapa."

"Nini?"

"Nyumba. Ibaki kwa mzee. Wewe rudi na gari tupu, litafika."

"Na wewe?"

"Nashuka kwa miguu."

"Na utalala wapi?"

"Kwa mama."

"Nyumba yako je? Vitabu, kitanda?"

"Vikae. Mzee akitaka, aanikie kahawa humo."

Mzee alisema, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuona aibu, kwamba ataifungia kwa kufuli. Tukatia mawe magurudumuni, tukateremsha mguu wa mbele wa nyumba, baba mdogo akapigapiga kishikizo cha kukokotea kwa nyundo mpaka kikaachia. Gari likajiinua nyuma. Nilichukua mfuko wenye nguo mbili, sukari na kitenge cha mama. Baba mdogo alinishika kichwa kwa mkono wenye grisi, akaingia ndani ya gari. Nililisikiliza likiondoka mpaka nilipohakikisha linakwenda.

Kisha nikatupa mfuko begani, nikaanza kuteremka.