Flashi ya Mwalimu Tumainieli

Salha Athumani alijifunza kupiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge, na shamba lilipopunguza wafanyakazi akaja Same mjini kufungua duka la steshenari karibu na stendi. Virusi vya kompyuta vilipofuta mitihani ya shule mbili alizozichapia ndani ya wiki moja, mpwa wake Muhidin, fundi wa kompyuta wa Arusha, alimwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usioshikwa na virusi kirahisi, na kumwachia daftari lenye amri za kuandika mambo yakiharibika. Virusi vikaisha. Salha akawa anawaambia wateja kwa majivuno kwamba kompyuta yake haiugui.

Alhamisi moja, saa nne na nusu asubuhi, akaingia Mwalimu Tumainieli, mstaafu wa kijiji cha Vudee milimani, amevaa koti jeusi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Salha. Nina haraka. Dada yangu Honorata tunamzika leo saa tisa, huko juu. Wasifu wake umo humu, mjukuu ameuandika jana Moshi, akanitumia kwa basi." Akamkabidhi flashi. "Nitolee nakala arobaini. Basi la Vudee linaondoka saa sita."

"Pole sana, mwalimu. Dakika kumi tu."

Akaichomeka kwenye tundu la mbele la kompyuta. Kimya. Akaichomoa, akaifuta kwa upindo wa khanga, akairudisha. Hakuna kitu kwenye skrini. Akajaribu tundu la pili, akaisukuma, akaishikilia kwa kidole. Akazima kompyuta na kuiwasha. Ikachukua dakika saba kuwaka, na flashi haikuonekana.

"Mwalimu, flashi yako imekufa."

Mzee alimtazama bila kupepesa. "Jana ilikuwa inafanya kazi."

"Zinakufa hivyohivyo. Mpigie mjukuu akutumie kwa simu."

"Yuko njiani kupanda mlima kuja mazikoni. Nimempigia tangu asubuhi, hapatikani. Nakala nyingine sina." Akakaa kwenye benchi, kofia mapajani. "Honorata amezalisha nusu ya kijiji, Salha. Nimechukua wiki nzima kuuliza watu habari zake."

Salha aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Akampigia Muhidin, simu ikaita mpaka ikakatika. Akafungua daftari, akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika *dmesg* kama alivyoelekezwa. Ikashuka mistari tele, na ya mwisho ilisema kompyuta imehisi kitu kimechomekwa ila imeshindwa kukisoma. Basi flashi haikuwa maiti. Huenda tundu ndilo bovu.

Matundu ya nyuma yalikuwa yamejaa: printa, kibodi, mausi. Akapiga magoti chini ya meza, akachomoa mausi, akachomeka flashi mahali pake. Akaandika *lsusb*, amri ya kuorodhesha vilivyochomekwa. Safari hii jina la flashi likatokea kwenye orodha.

"Imeonekana!" akapaza sauti.

Mwalimu akainuka. Lakini kwenye skrini halikufunguka faili hata moja. Salha akajaribu kuifungua kwa amri, kompyuta ikamjibu kwamba haifahamu mfumo wa *exfat*.

"Inasemaje?" mzee akauliza.

"Inasema flashi imepangwa kwa namna isiyoijua." Alitamani kulipiga teke lile boksi la kompyuta. "Ni hii Linux yangu, mwalimu. Ni ya zamani. Kuna kitu inabidi nikipakue."

Saa tano na dakika ishirini. Akaunganisha intaneti ya simu, akaandika amri ya kupakua. Ikakataa: programu nyingine inajisasisha, asubiri. Akasubiri. Akaandika tena, ikakataa tena. Mteja akaingia kutaka fotokopi ya kitambulisho. Salha akamfukuza kwa mkono. Mara ya nne, saa sita kasoro tano, ikakubali, na asilimia zikaanza kupanda kwa uvivu wa kuudhi. Honi ya basi ikalia stendi. Mwalimu akageuza shingo, akalitazama likipita barabarani, akarudi kuketi. Salha angependa amgombeze.

Faili likafunguka saa sita na robo. Kurasa mbili, na picha ya mwanamke mwenye miwani akicheka. Printa ikatoa nakala arobaini, Salha akazifunga kwenye mfuko wa plastiki na kukimbia barabarani kutafuta bodaboda. Wengi waliukataa mlima, aliyekubali akapatikana saa nane kasoro. Mzee wa miaka sabini na nne akapakiwa nyuma, kofia mfukoni, akaupanda mlima.

Jumatatu alirudi kuchukua flashi.

"Mlifika saa ngapi?" Salha akauliza.

"Kaburi lilishafukiwa. Tuliusoma watu wakiwa wanakula."

"Nisamehe, mwalimu. Nilikwambia imekufa kabla hata sijajaribu matundu ya nyuma."

"Ulisema haraka," mzee akajibu. Hakumwambia kwamba si kitu. Akamsimulia kwamba wanawake watatu waliacha sahani zao, wakasimama mmoja baada ya mwingine kuongeza yaliyosahaulika kwenye karatasi, na kwamba mmoja alizaliwa barabarani, mikononi mwa Honorata. Kisha akaaga.

Salha akafunga mlango katikati ya siku, akapiga tena magoti chini ya meza na kuyaziba matundu ya mbele kwa plasta, yasitumike tena. Akaanza kusasisha mfumo mzima, flashi nyingine isije ikamshinda. Watu waligonga dirisha, hakufungua. Saa kumi jioni kazi ilikuwa haijafika nusu, na yeye alikuwa bado amekaa pale, mikono kifuani, akiikazia macho skrini.